Makangaga sugu katika tangi la samaki: kuyapanda, kuyalisha na kuyazidisha

Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki hudai vitu ambavyo nyumba ya kawaida haina: taa kali, mtungi wa hewa ya ukaa, udongo maalumu wenye rutuba, na mtu mwenye nafasi ya kupogoa kila wiki. Makangaga ya majini hayana madai hayo. Hayahitaji udongo, huridhika na mwanga hafifu, huvumilia umeme ukikatika nusu siku, na majani yake hayawavutii hata samaki wenye tabia ya kutafuna kila kitu cha kijani. Pamoja na sifa zote hizo, hufa katika matangi mengi ya wanaoanza, na kwa kawaida sababu ni mojawapo kati ya mbili: ama mwenye tangi amelifukia shina mchangani, ama ameutazama mmea katika mwezi wa kwanza, akaona majani yanaoza, akautupa ilhali shina lilikuwa hai. Kwa hiyo mambo mengi katika mwongozo huu yanalihusu shina. Majani huja na kwenda. Shina likiwa zima, kangaga ni zima.

Aina za kuchagua

Linalofaa kuanza nalo ni kangaga la Java, ambalo wataalamu wa mimea sasa huliita Leptochilus pteropus, ingawa maduka mengi bado huliandika kwa jina lake la zamani, Microsorum pteropus. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, kwenye kingo za vijito vyenye kivuli, ambako hujishika kwenye mawe na mizizi ya miti, likifunikwa na maji mvua zikinyesha na kubaki hewani wakati wa kiangazi. Maisha hayo ya huku na huko ndiyo yaliyolifanya liwe sugu, na ndiyo yanayoeleza karibu kila jambo utakalotakiwa kulifanyia. Majani yake ya kawaida ni marefu kama upanga na hufikia sentimita 15 hadi 30. Zipo pia aina zilizochaguliwa vitaluni: yenye majani membamba, yenye majani yaliyogawanyika pembe tatu, na ile ya Windeløv yenye ncha zilizochanika kama shada, iliyopewa jina la Holger Windeløv, Mdenmaki aliyeanzisha kitalu cha mimea ya maji cha Tropica mwaka 1970. Kwa maoni yangu, anayeanza achukue lile la kawaida. Aina za mapambo hupendeza lakini hukua polepole zaidi, na ncha zao zilizochanika hunasa uchafu na mwani haraka kuliko jani laini.

La pili ni la Afrika yetu: Bolbitis heudelotii, ambalo wafugaji wengi huliita kangaga la Kongo. Humea kwenye miamba ya mito yenye mkondo katika Afrika ya kitropiki, kuanzia Senegali upande wa magharibi hadi Ethiopia upande wa mashariki. Majani yake yamegawanyika, ni ya kijani kibichi kilichokolea, na mwanga ukiyapita huonekana kama kioo cha rangi. Ni zuri kuliko la Java, lakini huchagua maji: hupenda maji laini yenye asidi kidogo na mkondo wa kutosha, na katika maji magumu hudumaa. Anayeishi sehemu yenye maji ya kisima yenye chokaa nyingi asilinunue kwanza, hata akivutiwa vipi na sura yake.

Utakutana pia na Ceratopteris, kangaga jepesi linalokua kwa kasi, ambalo huelea au kupandwa mchangani. Hilo lina tabia tofauti kabisa, kwa kuwa lina njaa ya chakula na mwanga, na maelekezo yanayofuata hayalihusu.

Kununua na kusafisha

Dukani usianze kutazama majani. Litafute shina tambazi, yaani ule mwili mnene wa kijani au wa hudhurungi unaolala kwa ubapa, ambao majani huchomoza juu yake na vinyweleo vyeusi vya mizizi hushuka chini yake. Libonyeze kwa ncha ya kidole: linatakiwa liwe gumu. Likibonyea kama ndizi iliyoiva sana, au likitoa harufu ya uvundo, liache hata kama majani yake yanang'aa, kwa sababu majani huendelea kuonekana mazima kwa siku kadhaa baada ya shina kuanza kuoza.

Makangaga mengi huuzwa katika vikapu vidogo vya plastiki vilivyojazwa nyuzi za kijivu zinazofanana na sufi. Ukifika nyumbani, kata kikapu kwa mkasi, kisha uziondoe nyuzi hizo zote kwa vidole ndani ya beseni la maji, taratibu, mpaka shina lionekane lote. Kazi hii huchosha, na watu wengi huishia katikati wakaweka mmea tangini pamoja na kikapu chake. Shina lililobanwa ndani ya nyuzi hizo limefukiwa sawasawa na lililozikwa mchangani. Mizizi mirefu iliyonasa kwenye nyuzi unaweza kuikata ikabaki sentimita 2 au 3. Itachipua mingine, na ile ya zamani kazi yake kubwa ilikuwa kushikilia tu, kwa maana kangaga la Java hupata chakula chake kingi kutoka majini kupitia majani.

Konokono wadogo na mayai yao husafiri juu ya mimea. Namna rahisi ya kuwapunguza ni kuuloweka mmea katika maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4, kwa muda wa siku mbili, kisha kuusuuza vizuri kwa maji safi. Shabu hupatikana sokoni kwa wauza dawa za asili na viungo, na makangaga huivumilia vyema. Usiwaloweke samaki wala uduvi ndani yake.

Maji na joto

Kangaga la Java hukua vizuri katika maji yenye nyuzi joto 20 hadi 28, na hupendelea zaidi 22 hadi 26. Kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, kati ya 6 na 7.5 kinalifaa, lakini halifi kikipanda. Ndiyo maana wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika, samaki wanaotaka maji magumu yenye pH ya juu ya 8, hulitegemea kama mmea wa kijani unaodumu katika matangi yao. Huvumilia hata chumvi kidogo, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayechota kisimani atalithamini. Kangaga la Kongo halina uvumilivu huo.

Kwa wakazi wa pwani tatizo kubwa huwa joto. Katika miezi ya Januari hadi Machi, maji ya tangi lililo ndani ya chumba kisicho na hewa huweza kuvuka nyuzi 30, na hapo majani ya kangaga huanza kuwa na mabaka meusi. Fungua mfuniko wa tangi na uelekeze feni ndogo juu ya uso wa maji: uvukizi utashusha joto kwa nyuzi mbili au tatu hivi, ila maji yatapungua kwa kasi, na itabidi uongeze kila siku. Kwa aliye Nairobi, Arusha au Mbeya hali ni kinyume chake. Kangaga halihitaji hita kule, ingawa samaki wake huenda wakaihitaji, na ukuaji wa polepole katika miezi ya baridi usimtie hofu.

Maji ya bomba ya mjini huwa na klorini. Yaache katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatumia, au tumia dawa ya kuondoa klorini, ambayo ni lazima pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, kwa kuwa kloramini haitoki kwa kuachwa wazi. Kangaga lenyewe halidhuriki sana na klorini hiyo, ila samaki na bakteria wanaosafisha maji ndani ya chujio hudhurika. Badilisha robo ya maji kila wiki. Ratiba hiyo yatosha.

Kupanda: mawe, magogo na uzi

Kangaga halipandwi mchangani. Hufungwa juu ya kitu. Jiwe lenye vishimo ndilo bora, na wanaoishi karibu na Mlima Meru na Kilimanjaro wana mawe meusi ya volkano yaliyojaa matundu, ambayo mizizi huyashika haraka kuliko jiwe lolote laini la mtoni. Yaoshe kwa brashi ngumu na maji ya moto bila sabuni. Kabla ya kutumia jiwe usilolijua, lidondoshee matone ya siki. Likitoa povu, lina chokaa, nalo litaongeza ugumu wa maji siku hadi siku. Kwa sababu hiyo matumbawe na makombe ya pwani, ambayo wengi hupenda kuyapanga tangini kwa urembo, ni sawa kwa mbuna na kangaga la Java, lakini yatalidumaza kangaga la Kongo.

Gogo nalo hufaa, mradi liwe limekauka kabisa na si la mti wenye utomvu. Lichemshe au uliloweke kwa wiki kadhaa mpaka lizame lenyewe. Maji yake yatageuka rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni taniini, haina madhara kwa mmea wala kwa samaki, na hupungua kadiri unavyobadilisha maji. Usikate mikoko kwa ajili hii. Misitu ya mikoko inalindwa kwa sheria, na kuna miti mingine mingi migumu ya kutumia.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Lilaze shina juu ya jiwe, upande wa mizizi ukitazama chini, kisha pitisha uzi wa pamba mweusi au mshipi mwembamba wa kuvulia kati ya vikonyo vya majani, zungusha mara tatu au nne, na ufunge fundo chini ya jiwe. Uzi uguse shina bila kulikata. Ukiona umezama ndani ya ngozi yake, umekaza mno. Uzi wa pamba huoza wenyewe baada ya wiki kadhaa, wakati mizizi imeshaanza kushika. Mshipi hauozi, kwa hiyo utaukata baadaye. Anayetaka wepesi atumie gundi ya supaglu, hasa ile nzito isiyotiririka: kausha sehemu ya jiwe kwa kitambaa, weka matone mawili au matatu madogo, bandika mizizi au upande wa chini wa shina, bonyeza kwa sekunde 20, kisha tumbukiza majini. Gundi hiyo hugumu mara moja ikikutana na maji na kuacha alama nyeupe ambayo mizizi huifunika baada ya muda. Usilipake shina zima. Sehemu iliyofunikwa yote kwa gundi haipumui wala haichipui.

Mmea ukishafungwa, weka jiwe lake juu ya mchanga na uhakikishe changarawe haipandi juu ya shina. Samaki wachimbaji, wakiwamo sikilidi wengi (jamii ya mbuna), huhamisha mchanga kila mara, hivyo tazama tena baada ya siku chache. Kushika barabara huchukua mwezi mmoja hadi miwili. Katika muda huo usiuhamishe mmea kila unapobadilisha mawazo kuhusu mpangilio, maana kila ukiuhamisha mizizi michanga hukatika na kazi huanza upya.

Mwanga

Saa sita hadi nane za taa ya kawaida ya LED kwa siku ni za kutosha. Tumia swichi ya saa ukiweza, kwani mwanga wa saa 12 leo na saa 3 kesho hunufaisha mwani pekee. Usiliweke tangi mahali ambapo jua la dirishani hulipiga moja kwa moja. Kangaga ni mmea wa kivulini: likipewa mwanga mkali bila chakula cha kulingana nao, majani yake hupauka, hutoboka na kufunikwa na mwani. Mahali pake pazuri ni pembeni au nyuma ya tangi, chini ya kivuli cha mmea mrefu au cha gogo. Kangaga la Kongo liweke mbele ya mdomo wa chujio, ambapo mkondo hulitikisa kidogo na kulipitishia maji mapya.

Chakula

Katika tangi lenye samaki wa kutosha, kinyesi chao na mabaki ya chakula hutoa naitrojeni na fosforasi. Kinachokosekana mara nyingi ni potasiamu, na kangaga la Java huonyesha upungufu wake mapema: majani ya zamani hupata vitundu vidogo kama vya sindano, kila kimoja kikizungukwa na ukingo mweusi au wa njano, kisha vitundu huungana. Dawa ni salfeti ya potasiamu inayoyeyuka kabisa majini. Gramu 1 katika lita 100 za maji huongeza takriban miligramu 4.5 za potasiamu kwa kila lita, na kipimo hicho mara moja kwa wiki, baada ya kubadilisha maji, kinatosha tangi la kawaida. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, yeyusha katika kikombe cha maji, kisha mimina taratibu.

Hapa sina budi kusisitiza. Mbolea ya NPK na urea kutoka duka la pembejeo zisiingie tangini hata punje. Zina naitrojeni katika umbo linalogeuka kuwa amonia, na amonia huua samaki kwa muda wa saa chache. Atakayeshindwa kupata salfeti ya potasiamu safi anunue mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea ya tangi, aanze na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa kuwa kangaga hula kidogo.

Kusoma majani

Makangaga mengi hulelewa vitaluni juu ya maji, katika unyevu, kwa sababu hukua haraka zaidi hivyo. Yakizamishwa tangini, majani yale ya hewani huwa hayana kazi tena: hugeuka hudhurungi, hulainika na kuyeyuka, wakati mwingine yote kabisa, kati ya wiki ya pili na ya nane. Kata yanayooza ili yasichafue maji, kisha subiri. Likague shina kwa kidole. Likiwa gumu, utaona vichomozo vidogo vya kijani vikitokeza juu yake, na majani yatakayotoka humo yatakuwa membamba na laini zaidi, yaliyozaliwa kwa maisha ya majini.

Likiwa laini, toa mmea wote nje. Kata kwa wembe sehemu iliyooza, ukirudi nyuma mpaka ufike panapokuwa pagumu na ndani pakiwa na rangi ya kijani au nyeupe, kisha ufunge kipande kilichobaki juu ya jiwe jipya. Kipande cha sentimita 3 kinaweza kuanzisha upya mmea mzima.

Geuza jani lililokomaa utazame mgongo wake. Mara nyingi utakuta vipele vya hudhurungi vilivyojipanga kwa safu kati ya mishipa, vingine vikiwa vimetokeza vinyweleo vyeusi. Watu wengi huvidhania ugonjwa, wakakata majani mazima kabisa. Hivyo ni vifuko vya spora, chembe ambazo kangaga huzaliana nazo badala ya mbegu, na vinyweleo ni mizizi ya vichipukizi vinavyokaribia kuzaliwa. Yaache. Dalili za kweli za njaa ni nyingine: jani la zamani likigeuka njano lote, naitrojeni imepungua, jani jipya likitoka limepauka huku mishipa yake ikibaki kijani, madini ya chuma yamepungua.

Mwani mweusi wenye sura ya ndevu fupi, unaoshika kingo za majani, ndio unaoudhi kuliko yote. Samaki wengi hawauli. Jani lililofunikwa sana likate tu. Kwa lililoguswa kidogo, zima chujio, vuta kwa bomba la sindano haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa famasi, uipulize karibu na mwani bila kuzidisha mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi zima, subiri dakika tano, kisha washa chujio. Mwani hugeuka wekundu au wa waridi kabla ya kufa. Baada ya hapo punguza saa za taa na chakula cha samaki, la sivyo utarudi.

Kuzidisha na kugawa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni vichipukizi vinavyoota juu ya majani ya kangaga la Java, hasa kwenye ncha za majani yaliyozeeka. Viache mpaka viwe na majani matatu au manne na mizizi yake yenyewe, kisha vichume kwa vidole na uvifunge juu ya kokoto. Ya pili, inayofaa kwa makangaga yote mawili, ni kukata shina. Subiri lifike urefu wa sentimita 8 au zaidi, likate kwa wembe safi, ukiacha walau majani matatu kwa kila kipande. Kipande chenye ncha inayokua kitaendelea kama kawaida, na kile cha nyuma kitakaa kimya kwa wiki kadhaa kabla ya kutoa vichomozo vipya pembeni. La Kongo hukua polepole sana, kwa hiyo usilikate zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Ziada mpe jirani mwenye tangi, au uirudishe dukani. Wauzaji wengi hukubali kuibadilisha na chakula cha samaki. Usiitupe mtoni, ziwani wala kwenye mtaro wa maji ya mvua. Gugu la Salvinia molesta, ambalo nalo ni kangaga, la kuelea, asili yake Brazili, lilifunika sehemu kubwa ya Ziwa Kariba mwanzoni mwa miaka ya 1960, likasumbua pia Ziwa Naivasha, mpaka wakaletwa fukusi wanaolila ili kulidhibiti. Majani uliyoyapogoa na mashina yaliyooza yaanike juani siku mbili au tatu mpaka yakatike kwa kuvunjwa, halafu yatie kwenye shimo la mboji.